Kiwanda hakianzi na mashini: nanasi la Idjwi linatufundisha nini hapa Munigi?



Katika mikutano ya miezi hii swali moja limerudi mara nyingi. Sisi tunalima, tunavuna, tunabeba. Mbona makuta mengi yanabaki kwa wengine? Ukiingia dukani Goma unakuta juisi ya boksi, unga wa paketi, biskuti, tomati ya kopo, na karibu vyote vimevuka mpaka kutoka mbali. Na pale Kituku, kandokando ya ziwa, mananasi ya Idjwi yanashushwa kutoka kwenye boti. Lile lililopondeka asubuhi, jioni linauzishwa kwa bei ya kutupa. Basi watu wanatuambia: tupatieni mashini, tutengeneze vyetu.

Swali ni la haki. Lakini tumeona mashini nyingi zilizofunikwa na mavumbi, na mojawapo tulisaidia kuinunua sisi wenyewe. Tutawaeleza habari yake hapa chini. Kwanza twende Idjwi, kwa sababu kisiwa kinaonyesha wazi jambo ambalo sisi wa nchi kavu tunalificha: kila kitu kinachovuka maji kinalipa.

Kisiwa kinalipa mara mbili

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu. Ina kilomita za mraba 340 hivi, na kati ya visiwa vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika ni cha pili kwa ukubwa, baada ya Ukerewe ya Tanzania. Udongo wake ni mzuri. Watu wanalima mananasi, ndizi, muhogo, maharagi na kahawa, na wanavua sambaza. Wanalima vizuri kabisa. Taabu yao ni kwamba hakuna daraja.

Mkulima wa Idjwi akiuzisha nanasi, anapunguziwa bei kwa sababu mnunuzi lazima alipe boti, wabebaji na hasara ya yale yatakayooza njiani. Akinunua sabuni, sukari, chumvi au unga, anaongezewa bei kwa sababu mchuuzi naye amelipa boti ile ile. Anakatwa wakati wa kuuza, anakatwa tena wakati wa kununua. Ndiyo maana tunasema kisiwa kinalipa mara mbili.

Msiseme hayo ni ya watu wa ziwani tu. Mwaka 2024 vita ilifunga au ilifanya ngumu njia ya Sake na ile ya Rutshuru, na Goma yote ikawa kama kisiwa. Chakula kingi cha upande wa Minova kililazimika kupita majini. Boti zilijaa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti moja iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wengi wakafa wakiwa wanaona nchi kavu. Walikuwemo wachuuzi na mizigo yao, watu kama sisi. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya uzito wa mzigo unaovuka ziwa, hatuzungumzi juu ya faida peke yake.

Hapa Munigi nasi tuna ukisiwa wetu. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mashamba yetu ni vipande kati ya mawe, na wengi wetu tumewapokea ndugu waliokimbia vita. Nafasi ya kuongeza shamba ni ndogo sana. Kama ardhi haiongezeki, thamani ya kile kilichovunwa ndiyo inaweza kuongezeka. Ndiyo sababu swali lenu la viwanda ni swali la maana.

Kahawa iliyokuwa inavuka usiku

Kabla ya nanasi, tuangalie kahawa, kwa sababu Idjwi imekwisha kujifunza kitu hapo.

Kwa miaka mingi kahawa ya kisiwa ilivushwa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda. Kwetu hapakuwa na mahali pa kuitengeneza vizuri wala mnunuzi wa bei nzuri. Wanaume wengi walikufa majini wakibeba magunia, wakaacha wajane na watoto. Na hata aliyefika salama hakuwa na nguvu ya kubishana bei. Utamwambia nini mnunuzi, na umevuka ziwa usiku, na huwezi kurudi na mzigo?

Kilichobadilisha mambo ni vituo vya kuoshea kahawa. Upande wa Minova kooperative ya SOPACDI ilianzishwa mwaka 2003. Idjwi kwenyewe kooperative ya CPNCK iliwakusanya wakulima wa kisiwa. Kituo cha kuoshea si kiwanda kikubwa. Ni mashini ya kutosha ganda la tunda, matangi ya kuchachusha, maji safi, na meza za kukaushia juani. Lakini tazameni kinachofanya. Seresi, yaani tunda bivu la kahawa, inapaswa kumenywa siku ile ile ya kuvunwa. Ikilala, ladha inaharibika. Parche iliyokauka vizuri inaweza kukaa miezi. Kilo 100 za seresi zinatoa kilo 20 hivi za parche. Mkulima anabakia na mzigo mmoja badala ya mitano, na mzigo huo hauozi. Sasa anaweza kumwambia mnunuzi: bei hiyo hapana, nitangoja.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kiwanda kidogo cha kisiwani: kumpa mkulima muda wa kungoja. Paketi nzuri yenye rangi inafuata baadaye.

Nini kinapunguza uzito, nini hakipunguzi

Sheria ya kisiwa ni rahisi: kile kilicho kizito na kinachooza haraka kitengenezwe kabla ya kuvuka. Hizi hapa hesabu za kukadiria ambazo kila kooperative inaweza kuzijaribu kwa mizani yake.

Muhogo mbichi kilo 3 mpaka 4 unatoa kilo moja ya unga. Ukichimbwa, unaanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Kuukausha kisiwani kuna faida kubwa.

Sambaza mbichi kilo 4 hivi zinatoa kilo moja ya zilizokauka. Zikikaushwa juu ya wavu ulioinuliwa, badala ya chini, hazipati mchanga na mnunuzi anaongeza bei.

Maziwa litre 10 hivi yanatoa kilo moja ya jibini. Wachungaji wa Masisi wanajua hesabu hii tangu zamani. Milima yao ni kama kisiwa wakati wa mvua, barabara inapokatika. Maziwa hayawezi kungoja barabara, jibini inaweza. Ndiyo maana jibini ya Masisi ilijulikana mpaka Kinshasa.

Nanasi kilo 10 mpaka 15 linatoa kilo moja ya nanasi kavu, ukihesabu maganda na maji yanayotoka.

Lakini juisi? Nanasi likikamuliwa linaacha maganda na nyuzi, kisha unaongeza chupa. Uzito haupungui sana, na chupa ya kioo inavunjika. Tena chupa tupu lazima ivuke kwanza kwenda kisiwani ndipo irudi imejaa. Kumbe kitu ambacho kila mtu anakifikiria kwanza, juisi, ndicho kinachoisaidia boti kidogo zaidi. Juisi inafaa kutengenezwa karibu na wanywaji, yaani Goma.

Habari ya mashini yetu

Sasa tutoboe. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kupata mashini ya kukamua matunda. Hatutataja kikundi wala kijiji, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa letu. Mashini ilifika, ikapigwa picha, watu wakacheza. Iliweza kumeza matunda ya siku nzima kwa saa mbili. Wiki ya kwanza ilifanya kazi siku tatu. Mwezi wa pili ilifanya kazi siku moja. Kisha kipande kidogo cha mpira kikakatika, na hakikupatikana Goma wala Bukavu. Wakati kile kipande kinatafutwa, wachuuzi waliokuwa wameahidi kuchukua chupa walienda kwingine. Mashini iko pale mpaka leo. Wanachama waliweka michango yao kwa ajili ya nyumba ya kuifunika, na michango ile haikurudi.

Tulipokaa nao chini kuhesabu, tuliona kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza maswali matano haya:

1. Nani atanunua, kila wiki, na kwa bei gani? Kusema "watu wa Goma" hakutoshi. Tunataka maduka mangapi, mikahawa mingapi, shule gani.

2. Mavuno yanatosha kwa miezi mingapi ya mwaka? Mashini inayolala miezi minane inakula faida ya miezi minne.

3. Maji yatatoka wapi, na moto wa umeme je? Vikikosekana siku tatu, kazi inaendelea namna gani?

4. Kipande kikivunjika, nani anakitengeneza, na kipande kipya kinapatikana mji gani?

5. Nani anaandika daftari? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika kiwanda kidogo mali inaisha haraka kuliko shambani, maana kila siku kuna kinachoingia na kinachotoka.

Kama maswali mawili kati ya haya hayana jibu, msinunue mashini, hata kama kuna mtu wa kuwapa bure. Mashini ya bure nayo inadai nyumba, mlinzi, mafuta na muda wenu.

Tufanye hesabu pamoja

Chukueni kalamu. Bei tunazoandika hapa ni za mfano tu. Ninyi mtaweka za soko lenu.

Tuseme kikundi cha Idjwi kina mananasi madogo 30, ya kilo moja moja, yale ambayo mnunuzi wa boti anayakataa. Mnayanunua kwa wanachama franka 500 kila moja: 15.000. Kuyakausha mnatumia makala ya 8.000. Watu wawili wanamenya, wanakata na kugeuza: 12.000. Mifuko midogo 25 kwa franka 200: 5.000. Boti na usumbufu wa njia: 2.000. Jumla ya matumizi ni franka 42.000.

Kilo 30 zimetoa kilo 2 na nusu, yaani paketi 25 za gramu 100. Mkiuzisha kila paketi franka 2.000, mnapata 50.000. Faida ni 8.000.

Sasa mtu akirudi jioni na paketi 8 hazikuuzwa? Mmeuza 17, mmepata 34.000. Mmepoteza 8.000.

Hesabuni tena: paketi 21 za kwanza zinarudisha matumizi tu. Faida yote imo ndani ya paketi 4 za mwisho. Hivyo ndivyo viwanda vidogo vingi vilivyo duniani. Ndiyo maana mtu wa kuuza ni wa maana sawa na mtu wa kukausha. Na ndiyo maana ni afadhali kutengeneza paketi 20 zenye wenyewe kuliko 60 za kutafutia wenyewe sokoni.

Lakini angalieni pia upande wa pili. Hata siku ya faida ndogo, wanachama wamelipwa 15.000 kwa mananasi yaliyokuwa yanaoza, na watu wawili wamepata 12.000 ya kazi. Makuta hayo yamebaki kisiwani. Mkitumia kikaushio cha jua badala ya makala, mnapunguza ile 8.000. Mtangoja siku mbili au tatu na kuomba mvua isinyeshe, lakini pia hamtamaliza miti.

Idjwi ina maji, sisi tuna njia

Sasa turudi Munigi. Wengine watasema: na sisi tukaushe matunda, tukamue juisi. Ngojeni kwanza. Kila mtu hapa anajua taabu ya maji. Mvua ikinyesha, inapenya kwenye mawe ya volkano na kupotea chini. Hatuna mito. Tunakinga mvua kwenye mabati, tunanunua kwa bidoni. Kuosha, kumenya na kuchachusha kunahitaji maji mengi kila siku. Kazi ya maji mengi ikiwekwa Munigi itaanza na hasara.

Lakini tuna vitu ambavyo kisiwa hakina. Tuko kando ya barabara ya Goma, chukudu au pikipiki inafika sokoni bila kuvuka ziwa. Umeme wa maji umeongezeka upande wetu tangu mtambo wa Matebe, huko Rutshuru, ulipofunguliwa mwaka 2015 ukiwa na zaidi ya megawati 13, hata kama vita inaukatakata. Huko Mutwanga, upande wa Beni, umeme wa aina hiyo ulifuatwa na kiwanda cha sabuni ya mafuta ya mawese na cha chokoleti. Kakao iliyokuwa inaondoka ikiwa mbegu tu, sehemu yake sasa inaondoka ikiwa chokoleti. Na juu ya yote, Goma yenyewe ni mnunuzi mkubwa aliye mlangoni petu.

Kwa hiyo kazi inaweza kugawanywa. Kisiwa kifanye kazi ya kwanza, yenye maji: kuosha, kumenya, kukausha. Sisi tufanye kazi ya mwisho, iliyo kavu: kusaga, kukaanga, kuchanganya, kupima, kufunga na kupeleka. Kooperative ya huku na kooperative ya kule zikiandikiana mkataba, kila mmoja anapata mnunuzi wa hakika. Muhogo mkavu wa Idjwi ukisagwa hapa ni unga wa bugali wa watu wa Goma, na hakuna aliyebeba maji juu ya ziwa.

Unga wa uji: mahali pa kuanzia

Kama mtatuuliza tuanze na nini hapa Munigi, tutajibu: unga wa uji wa watoto, wa mahindi, mtama na soya. Wamama wananunua kila wiki, mwaka mzima. Hauhitaji maji. Kinu cha kukodi kinatosha kuanzia, hamhitaji cha kununua. Soya ikaangwe kwanza mpaka inukie, kwa sababu soya mbichi inasumbua tumbo.

Hatari iko kwenye ukavu. Mahindi yenye unyevu yanaota kuvu, na kuvu hiyo inaleta sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, kupika hakuiondoi, na polepole inaharibu ini. Kumpa mtoto uji kama huo ni kosa kubwa kuliko kukosa faida. Jaribuni hivi: chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, wekeni mahindi mpaka robo, ongezeni vijiko vichache vya chumvi kavu, fungeni, mtikise dakika moja au mbili, kisha acheni itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yangali na unyevu, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Lakini jaribio hili linapima unyevu, halipimi sumu. Yaliyoota kuvu yatoshwe, hata kama sasa yamekauka.

Na wale watakaotaka kufunga chakula kwenye chupa wasikie neno moja. Nanasi, marakuja na ndimu vina uchachu unaozuia vijidudu vibaya zaidi. Vikichemshwa na kutiwa vikiwa moto katika chupa safi vinakaa. Maharagi, lengalenga, uyoga na nyama havina uchachu huo. Msivifunge kwenye chupa kwa kuchemsha tu kwenye sufuria ya kawaida. Ndani yake inaweza kukua sumu ya kuua, bila harufu wala rangi.

Wenzetu wa Zanzibar

Visiwa vingine vimepita njia hii kabla yetu. Zanzibar imeuza karafuu tangu karne ya 19. Kule Pemba, mbali na kuuza karafuu kavu, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kwenye makonyo na majani ya mkarafuu. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Hawakuanza na kilicho bora, walichukua takataka ya shamba wakaigeuza mali.

Lakini Zanzibar ina habari nyingine. Tangu mwaka 1989 wanawake wa pwani ya mashariki wanalima mwani baharini. Wanaukausha, unajazwa kwenye magunia, unapelekwa nje. Huko ndiko unakotolewa ule utomvu unaotiwa kwenye vyakula, na huko ndiko faida kubwa inakobaki. Kwa hiyo kukausha peke yake hakumfikishi mkulima mbali kama wanunuzi ni wachache na wao ndio wanaopanga bei. Vikundi vya wanawake vilianza kusaga mwani na kutengeneza sabuni ya kuuzia wageni na majirani. Kiasi ni kidogo, lakini bei wanaipanga wenyewe.

Basi jiulizeni: nini kinatupwa kwetu? Maganda ya nanasi yanatoa siki. Pumba za mahindi zinalisha kuku na nguruwe. Maganda ya seresi yakioza vizuri ni mbolea. Mara nyingi faida ya kwanza imelala pale.

Karatasi na jina

Mkianza kuuza chakula kilichofungwa, mnatoka kwenye biashara ya shamba. Kwenye paketi andikeni jina la kooperative, kilicho ndani, uzito, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho. Jueni kwamba OCC ndiyo ofisi ya nchi inayopima ubora wa bidhaa. Afadhali muende kuuliza mapema kuliko kusubiri mzigo ushikwe. Na kuhusu kikundi chenyewe, Kongo iko chini ya sheria ya OHADA tangu mwaka 2012. Sheria ya vyama vya ushirika ya tarehe 15 Desemba 2010 inaruhusu kooperative ndogo kuanzia watu 5, na ile yenye baraza la usimamizi kuanzia watu 15. Kikundi cha likelemba kinachotaka kuwa na kiwanda kijipange huko mapema, maana bila karatasi hamtafungua konti kwa jina lenu wala kusaini mkataba na wenzenu wa Idjwi.

Kazi ya wiki nne

Hatutaki mfunge jarida hili mkisema "maneno mazuri". Kabla ya mkutano ujao kila kooperative ichague watu wawili, mmoja anayejua kuandika na mmoja anayejua soko. Kwa wiki nne waandike mambo matatu tu: ni kilo ngapi za mavuno zilioza au ziliuzwa kwa bei ya kutupa, ni bidhaa gani za kutengenezwa ambazo nyumba za wanachama zilinunua, na kwa franka ngapi, na ni maduka au shule gani wamekubali kwa mdomo kuchukua unga wenu kila wiki, paketi ngapi.

Safu ya kwanza itawaonyesha mali ghafi mliyo nayo. Ya pili itawaonyesha soko ambalo ni ninyi wenyewe. Wengi watashangaa kuona makuta yanayotoka Munigi kila mwezi kwa ajili ya unga na sabuni. Ya tatu itawaambia kama mko tayari.

Leteni daftari hilo kwenye mkutano. Sisi tutaleta mizani na chupa ya chumvi. Tukikuta safu ya tatu iko tupu, tutatafuta wanunuzi pamoja kwanza. Ikiwa imejaa, ndipo tutaongea juu ya kinu.